Programu Iliyomsomea Mama Yako

Bungoma, jioni

Nasimiyu, mwanangu,

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na nguo nyepesi kwa joto la Lodwar umekwisha kuambiwa na mama yako, ukaambiwa na shangazi yako, na leo baada ya ibada ukaambiwa tena na mke wa pasta. Mimi sitaongeza. Nimekaa hapa sebuleni, jua linashuka nyuma ya mikaratusi ya shule, na ninataka kukuandikia jambo ambalo sijawahi kukusimulia lote, ingawa umeishi ndani yake.

Umekua ukisikia ile milio. Rafiki zako walipokuja kututembelea walidhani kompyuta yetu imeharibika, nawe ukawaambia, "Hapana, hiyo ni Mama anasoma," kama mtoto mwingine anavyosema mama anapika. Hukuwahi kuuliza milio ile ilitoka wapi. Ulichouliza mara moja, ukiwa kidato cha pili na umekasirika kwa jambo lingine kabisa, ni kwa nini tulikupeleka Malakisi mwaka ule. Nilikujibu kwamba shule ya kule ilikuwa nzuri. Shule ya kule ilikuwa mbaya kuliko ile ya Kitale, na wewe ulijua.

Basi nianzie Kitale.

Mimi nilikuwa nikifundisha fizikia shule ya upili, na mama yako alikuwa mpiga chapa wa Wakili Makokha, pale ghorofani juu ya duka la mbegu. Vidole vyake ndivyo vilivyonifanya nimtazame mara ya kwanza. Alikuwa anapiga chapa huku anaongea na mteja, anacheka, anageuka kutazama dirishani, na vidole vinaendelea na shughuli zao kama kuku wanaodonoa mtama. Hakuwahi kuangalia mashine.

Macho yake yalianza kufifia kutoka pembeni. Hakusema. Mimi niliona amekuwa mzembe tu. Anagonga kiti, anamimina chai nje ya kikombe, anawapita watu sokoni bila salamu mpaka wakaanza kunong'ona kwamba mke wa mwalimu siku hizi anajiona. Nilimgombeza kwa sababu ya chai. Nakumbuka nilimgombeza hasa, na kitambaa cha meza nikakivuta mwenyewe nikakiloweka ili aone nimekasirika. Hakuona, lakini hilo sikulijua.

Tulipofika kwa daktari wa macho kule Eldoret, alituambia ni presha ya macho. Alisema kilichopotea hakirudi, na kile kidogo kilichobaki nacho kitakwenda. Aliyasema yote hayo akinitazama mimi. Nami nikayajibu maswali yake yote, tangu lini, maumivu yako wapi, anaona taa au haoni, huku mwenye macho amekaa kando yangu na mkoba wake mapajani.

Nyumbani alikaa kwenye kochi, mkono juu ya mbao, kidole kimoja kikigonga. Nilidhani ni wasiwasi.

"Unagonga nini?" nikamuuliza.

"Jina langu," akasema. "Nilikuwa najaribu kama bado nakumbuka."

Hilo nalo halikuwa geni kwangu, ila nilikuwa nimelisahau. Kuka wako, baba yake mama, alikuwa karani wa telegrafu katika stesheni ya reli kule Webuye. Nyumbani kwao Bokoli aliwafundisha watoto wake lugha ile ya nukta na mistari, ambamo kila herufi ni milio mifupi na mirefu iliyopangwa kwa namna yake. Wengine waliiacha. Mama yako, likizo zote za shule, alikuwa anashinda ofisini kwa baba yake akisikiliza habari za mabehewa ya mahindi na sukari yanayotoka na kwenda Bungoma. Aliniambia aliwahi kujua behewa limepotea kabla ya mkubwa wa stesheni kujua.

Muda mfupi baada ya Eldoret tulikupeleka Malakisi. Mama yako hakutaka umwone akijifunza kupapasa kuta. Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu nami sikutaka unione nikiogopa. Wewe ukaenda kukaa na shangazi yako, ukitazama tumbaku ikianikwa na kujiuliza umekosa nini. Hukukosa kitu, mwanangu. Tungekuambia siku ileile ungelia, halafu ungelala. Tulichagua kukunyamazia, nawe ukabaki na kazi ya kubuni sababu peke yako. Mtoto akibuni sababu, huwa anajiweka yeye ndani yake.

Kazini, Wakili Makokha hakuwa mtu mbaya. Alimwita mama yako akamwambia waziwazi. "Mama Nasimiyu, mimi sina shida na wewe. Lakini hati ikienda kortini na makosa, mimi ndiye nasimama mbele ya jaji. Tutaona. Korti ikifunguliwa Januari, tutaona."

Shida yenyewe ilikuwa moja tu. Kupiga chapa aliweza, hata gizani angeweza. Ila hakuweza kuisoma tena kazi yake. Kidole kikiteleza, hakuna wa kumwambia.

Mwaka huohuo mwalimu mwenzangu, Mholanzi aliyekuja kujitolea, alimaliza muda wake akaniachia kompyuta yake ya nyumbani, kwa kuwa ilikuwa nzito kuliko mizigo anayoruhusiwa kwenye ndege. Unaikumbuka. Sanduku la rangi ya uji, skrini ya kijani, na mahali pawili pa kutia disketi. Aliniachia na vitabu. Ofisi za Kitale nazo zilikuwa zimeanza kununua mashine za namna hiyo, na Wakili alikuwa na moja, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya mzee, kila mtu anaiogopa.

Katika kimoja cha vile vitabu ndimo nilimokuta jambo lililonifanya niinuke nikaizunguke nyumba.

Nitakueleza kwa urahisi. Programu ya kawaida huingia kwenye kumbukumbu ya mashine, hufanya kazi yake, ikimaliza huondoka na nafasi yake hupewa nyingine. Lakini kuna namna ya kuandika programu ikauambia mfumo unaoendesha mashine, nimemaliza, ila nafasi yangu usimpe mtu. Inabaki imekaa kimya humo ndani, na wewe unaendelea na kazi zako nyingine kama kwamba haipo. Halafu, chini kabisa ya kumbukumbu, kuna safu ya anwani. Ukibonyeza herufi, mashine hukatiza inachofanya na kutazama katika ile safu, mambo ya kibodi yanapelekwa kwa nani? Kisha huenda huko. Sasa, ukiondoa anwani iliyoandikwa pale na kuweka ya programu yako, kila herufi itakayobonyezwa itapita kwako kwanza. Unaweza kufanya lako, kisha unaipeleka herufi kwa yule mwenyewe aliyekuwa akiitarajia, naye hajui kama ilipita kwako.

Nikafikiria mama yako akibonyeza kitufe fulani, programu yangu iliyojificha inaamka, inatazama maneno yaliyo kwenye skrini, na kuyapiga kwa spika ndogo ya mashine kwa lugha ya stesheni ya Webuye. Programu ya kuandikia barua isijue chochote. Wakili asinunue chochote.

Nilianza likizo ya Desemba. Majirani walikuwa wanavuna mahindi na mimi nimejifungia ndani mchana kutwa na lugha ya mashine, ile ya maneno mafupi yasiyosamehe. Jaribio langu la kwanza liliua kibodi. Nilikuwa nimeweka anwani yangu bila kuihifadhi ile ya zamani, kwa hiyo kila herufi ilifika kwangu ikaishia kwangu. Skrini inawaka, kile kidoa cha mwanga kinametameta, lakini ubonyeze usibonyeze, hakuna. Ikabidi niizime kwa swichi. Mama yako akauliza kutoka jikoni, "Imekufa?" Nikasema hapana. Akasema, "Mbona umeguna hivyo?"

Baada ya siku nyingi za kuguna, nilimwita. Nilikuwa na furaha kama mtoto. Nilimkalisha, nikamwekea mikono kwenye kibodi, nikamwambia aandike chochote.

Akaandika kama kawaida yake, haraka. Nami nilikuwa nimeifanya programu ipige mlio kwa kila herufi inayobonyezwa. Milio haikuweza kumfuata. Ikarundikana, yeye anamaliza mstari, spika bado iko neno la pili, inapiga tu, inapiga, na mashine haikubali herufi nyingine mpaka imalize. Akaondoa mikono akaiweka mapajani. Tukangoja kelele ziishe.

"Baba Nasimiyu, hii ni nini?"

"Inakusomea."

"Inanisomea nini? Si mimi ndiye nimeandika?"

"Ndiyo, lakini..."

"Vidole vyangu vinajua vimebonyeza nini. Mimi nataka kujua kilichobaki pale kwenye mstari. Na nikitaka inyamaze, inyamaze."

"Si ungeniambia?"

"Si ungeniuliza?"

Likizo nzima nilikuwa nimemfanyia kazi na sikumuuliza swali hata moja. Nilijua mambo ya kibodi, ya spika, ya safu ya anwani. Yeye alikuwa jikoni, hatua chache tu, anapepeta maharagwe kwa kusikiliza mlio wa mawe, na sikwenda kumuuliza.

Siku ile niliuliza. Akaniambia kama mtu anayemwagiza fundi wa nguo. Akibana vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja, isome mstari aliomo. Akibonyeza kile cha kona, inyamaze papo hapo. Nafasi kati ya maneno iwe ndefu kidogo. Tarakimu zisomwe zote, zisikatwe, kwa sababu hati za mashamba ni tarakimu.

La kunyamaza ndilo lililonitesa. Programu yangu ilikuwa inapiga milio papo hapo inapoamshwa na kibodi, kwa hiyo mpaka imalize, kibodi haikusikia kitu. Ilikuwa kama mhubiri aliyefumba macho. Nilikuja kupata dawa yake katika saa ya ndani ya mashine, ambayo hudunda mfululizo, nayo ina anwani yake katika ile safu. Nikainasa nayo. Kibodi ikiniamsha, ninayaweka maneno kwenye foleni tu na kuondoka mara moja. Kisha kila saa inapodunda, ninapiga kipande kimoja kidogo cha mlio na kuondoka tena. Mdundo mmoja kwa nukta, mitatu kwa mstari. Hakuna anayezuiwa. Na bahati iliyoje, mwendo wa ile saa ulikuwa karibu sawa na mwendo wa karani mzuri wa telegrafu. Mama yako ndiye aliyeniambia.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, hajavua hata kitambaa cha kichwa. Akaandika mstari mmoja. Akabana vile vitufe viwili. Akainamisha kichwa upande.

"Nimeandika shmaba," akasema.

Nikatazama skrini. Kweli, ilikuwa *shmaba*. Akarudi nyuma, akafuta, akaandika *shamba*, akabana tena, akasikiliza. Akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu kabla ya Eldoret. Alicheka mpaka akashika meza.

"Lakini huyu hana mkono," akasema.

"Mkono gani?"

"Kila karani ana mkono wake. Huyu anapiga kama askari wa gwaride. Baba alikuwa anauvuta mlio wa mwisho, hivi." Akagonga mezani.

"Naweza kuirekebisha ivute."

"Acha," akasema. "Baba alikuwa mmoja."

Ningekomea hapo, hadithi ingekuwa fupi. Lakini sikukomea, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri.

Januari Wakili alisema mama yako aje Ijumaa, aandike hati ya kiapo katika kesi ya ndugu wawili wanaogombea shamba upande wa Endebess. Hati ndefu, yenye nambari za viwanja na mipaka. Karani wa korti alikuwa anaingojea. Mimi nilikuwa na hofu ya umeme. Unaujua umeme wa Kitale ule. Nikajiambia, taa zikipotea katikati, kazi yake yote itapotea, na Wakili atasema ni kwa sababu haoni. Basi asubuhi ya Ijumaa, kabla hajaamka, nikaongeza kitu katika programu. Kila baada ya muda, iamke yenyewe na kuihifadhi kazi yake kwenye disketi. Sikumwambia. Nilitaka iwe kama godoro chini ya mtu anayepanda ngazi, asijue lipo mpaka aanguke.

Kitabu kilikuwa kimeonya. Mfumo wa mashine zile una kichwa kimoja. Ukiwa katikati ya kuandika kwenye disketi, halafu programu iliyojificha ikaamka na kuuagiza uandike kingine, husahau ulikuwa wapi, na wote wawili mnapotea. Unapaswa kwanza kuutazama kama una shughuli, ukiwa nayo ungoje. Nilisoma onyo hilo. Nilijiambia haiwezi kutokea wakati mmoja.

Ofisini niliitia programu kwa disketi kwenye ile mashine ya Wakili, na mama yako aliandika tangu saa sita mchana. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wateja, kofia magotini. Nilimsikia akisoma mistari yake, milio inatoka, inanyamaza, vidole vinaendelea. Karani wa nje alikuwa ameacha kazi yake anatazama tu. Kisha, jua likiwa limeanza kuingia dirishani kwa upande wa pili, mama yako akaagiza mashine ihifadhi hati. Na dakika ileile programu yangu nayo ikaamka kuihifadhi.

Ukatoka mlio mmoja mrefu, haukwisha. Mama yako akabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Akabonyeza tena. Mashine ikaendelea kulia. Kazi ya mchana mzima ilikuwa imekwenda, hata ile nusu iliyokuwa salama kwenye disketi iliharibika.

Wakili akatoka ofisini kwake. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Wakili, samahani sana," nikaanza, "unajua mama bado anajifunza, hali yake, unajua..."

"Nyamaza, Baba Nasimiyu," mama yako akasema.

Hakuwahi kuniambia hivyo mbele ya watu.

"Mashine ndiyo imekufa, Wakili," akasema. "Mimi niko sawa. Nipe mpaka Jumatatu."

Wakili akanitazama. "Mwalimu, unasemaje?"

"Niulize mimi," mama yako akasema. "Si mimi ndiye mfanyakazi wako?"

Wakili akakohoa kidogo. Akaenda akauzima mlio kwa swichi yeye mwenyewe. "Haya, mama. Jumatatu. Lakini Jumatatu hiyo mchana hati itoke hapa, ama niipeleke kwa mtu mwingine."

Tulitembea kuelekea nyumbani, amenishika kiwiko. Tulipopita uwanja wa maonyesho akasimama.

"Uliongeza nini?"

"Ati nini?"

"Jana haikuwa hivyo. Mimi najua ile mashine sasa. Uliongeza nini?"

Nikamweleza. Umeme, disketi, hofu yangu. Akaachilia kiwiko changu.

"Tangu Eldoret wewe unanisemea," akasema. "Daktari anakuuliza wewe. Watu wa kanisa wanakusalimia wewe, ati mama anaendelea aje, na mimi nimesimama hapo! Na wewe unajibu! Salamu zangu zote zinaishia kwako. Sasa hata ndani ya mashine umeingia unanifanyia vitu sijui."

"Nilikuwa nakusaidia!"

"Nani alikutuma?"

"Hakuna alinituma! Nilikuwa naogopa, bana! Wewe unafikiri ni wewe peke yako unaogopa?"

Nilipaza sauti, Nasimiyu, barabarani, mwalimu mzima na watu wanapita na mizigo yao. Naye akanijibu kwa sauti kubwa kuliko yangu. Tulisimama hapo tukirushiana maneno mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa anauza ndizi akatuambia twende tukagombane kwetu. Tukaenda.

Jumamosi niliitoa ile nyongeza yote. Kisha nikamuuliza anataka nini kingine. Akasema anataka awe na uwezo wa kuitoa programu yenyewe kwenye mashine akitaka, bila kuzima, na kibodi irudi kama ilivyokuwa. Nilikuwa sijafikiria hilo kabisa. Nilikuwa nimejua kuingia tu. Nikaandika sehemu ya kurudisha anwani zile za zamani mahali pake, kila moja kwa mwenyewe, na kuachia nafasi. Yeye akakaa siku nzima akijaribu kuiharibu. Alibonyeza vitufe viwili viwili, vitatu vitatu, akahifadhi huku inasoma, akasoma huku inahifadhi. Haikufa.

Jumatatu alinikataza kumsindikiza. Alikwenda na jirani yetu aliyekuwa anapeleka maziwa mjini. Mimi nilifundisha lenzi kidato cha tatu, na ukiniuliza leo nilisema nini, sijui. Niliporudi nyumbani alikuwa hajafika. Nilichemsha chai nikaiacha ikapoa. Nilikwenda langoni nikarudi. Mwishowe nikamsikia akiongea njiani na yule jirani, wanaongea juu ya bei ya maziwa, sauti yake ya kawaida kabisa.

"Wakili amesema nini?" nikauliza kabla hajafika mlangoni.

"Amesema kesho niende mapema."

Basi. Hilo tu. Nilikaa kwenye ngazi. Yeye akapita akaingia ndani, akauliza kwa nini chai ni baridi.

Pasaka ilipofika tulikuja Malakisi kukuchukua. Uliingia nyumbani ukasikia ile milio, ukasimama kidogo, kisha ukauliza kuna nini cha kula. Mama yako alinibana mkono kwa siri. Yote tuliyoogopa uyaone, uliyaona kwa dakika moja, ukaenda kutafuta viazi.

Baadaye Wakili alifungua ofisi hapa Bungoma akamwomba mama yako aje naye, nami nikaomba uhamisho. Yaliyofuata unayajua. Sasa mashine mpya zinakuja zenye madirisha na picha, na programu kama yangu haziwezi kukaa humo, haziruhusiwi hata kugusa ile safu. Zamani hilo lingeninyima usingizi. Wiki iliyopita nilimwambia mama yako kwa wasiwasi, naye akasema amesikia kuna zinazoongea kwa sauti ya mtu, ataziuliza maswali yake zikija. Nikagundua sina tena wasiwasi. Nimeshangaa mwenyewe. Nimebeba ile hofu ya Januari miaka hii yote kama mtu aliyesahau mzigo umekwisha kuteremshwa.

Kesho kutwa utakuwa na wodi yako katika hospitali ya Lodwar. Wataletwa wagonjwa, na kando ya kila kitanda kutakuwa na jamaa mwenye kujibu kila swali, mwenye mapenzi, mwenye haraka. Sikuambii ufanye nini, wewe ndiye umesomea. Nakuambia tu kwamba mimi nilikuwa yule jamaa, na kwamba hakuna aliyenidhuru kwa kuniambia nyamaza.

Nilikuwa nataka kukomea hapo. Lakini mama yako amekuja, ameniuliza ninaandika nini muda wote huu, nikamsomea tangu mwanzo. Amesikiliza ameinamisha kichwa upande. Anasema umeme wa Kitale haukuwa mbaya kiasi hicho, na kwamba yule wa ndizi alikuwa anauza maparachichi. Halafu amesema kuna mahali nimekosea kabisa, niongeze kama atakavyosema. Ninaandika maneno yake:

"Mwambie mimi sikufurahi Jumatatu. Jumatatu nilikuwa nimechoka tu, nataka chai. Nilifurahi Ijumaa, pale barabarani. Tangu Eldoret ulikuwa unaniongelesha polepole kama mtu anakufa. Siku hiyo ukanipigia kelele. Nikasema, haya, huyu mume wangu amerudi."

Sikuwa najua. Miaka hii yote nimekuwa nikiionea aibu ile Ijumaa.

Nenda, binti yetu, na Mungu akutangulie katika barabara ile ya mchanga. Tuandikie ukipata nafasi. Tuandikie hata ukiwa umetukasirikia, hasa ukiwa umetukasirikia. Mama yako atataka niisome kwa sauti, nami sitaruka neno.

Baba yako